Bodi Berchem, Injini Schaerbeek

Ninyi vijana niliowaachia karakana, kila tukikutana mnaniuliza jambo moja: tulikuwa tunayapataje yale magari? Mnadhani kulikuwa na siri. Siku hizi mnakaa mbele ya skrini, mnaandika jina la gari na picha zinajileta zenyewe. Sisi tulikuwa tunakunywa kahawa. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu nimeamua kuliandika sasa, maana nimestaafu na mke wangu amechoka kulisikia.

Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mke wangu alikuwa amepata kazi ya ofisini, mimi nikamfuata na begi moja la nguo na moja la spana, na nilipoteremka stesheni ya Gare du Midi lile la spana lilikuwa limeshanimaliza bega. Kigoma nilikuwa fundi wa malori. Karakana ilikuwa Anderlecht, karibu na stesheni, na mwenye nayo, Monsieur Luc, hakuniuliza cheti. Alinipeleka mbele ya injini ya silinda nane iliyokuwa juu ya stendi, akaniuliza naionaje.

"Injini nzuri," nikamwambia. "Ni ya lori gani?"

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akanionyesha gari ilikotoka: Mustang ya milango miwili, nyembamba, ya kukaa watu wanne wasiokuwa na mizigo. Nilizunguka lile gari mara kadhaa nikijiuliza Wamarekani walikuwa wanakimbizwa na nani.

Magari yenyewe mnayajua. Yalitengenezwa mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini: bodi ya kawaida, injini kubwa kupita kiasi. Ubelgiji yaliletwa na wanajeshi na maofisa wa Kimarekani, ambao wakati wa kurudi kwao waliona usumbufu wa meli wakamuuzia jirani. Jirani alitamba nalo miaka michache, petroli ikapanda, akaliingiza bandani na kulifunika turubai. Baada ya hapo liliota kutu taratibu, mpaka mtu afe au nyumba iuzwe. Kazi yetu ilikuwa kufika kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tena haikutosha kulipata gari. Wateja walitaka kujua limetoka kwa nani, na kabla yake nani, mpaka kwa Mmarekani wa kwanza. Mahali pengine ungefuata namba ya usajili ya gari. Ubelgiji namba ni ya mtu. Akiuza gari anaing'oa na kuondoka nayo, kwa hiyo gari kuukuu linabaki bila jina. Ukienda kuuliza serikalini unaambiwa kwa adabu kwamba habari za watu hazitolewi. Basi unarudi kwa majirani.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa Papa Byamungu, fundi kutoka Bukavu, aliyekuwa pale karakana kabla ya kila mtu isipokuwa Luc. Wiki yangu ya kwanza alinichukua kwenda shamba moja nje ya mji. Tulikuwa tumesikia kuna Camaro chini ya majani makavu ya ng'ombe. Mama mwenye shamba alitufungulia, akatukaribisha jikoni, na Byamungu akaanza kumsifia sufuria zake. Akamuuliza habari za mvua. Akanywa kahawa kikombe cha kwanza, cha pili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti, gari nalisikia linaniita kule bandani. Mwisho yule mama mwenyewe akasema, "Nadhani mmekuja kwa ajili ya gari la marehemu."

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema toka mwanzo.

"Rama," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho watu ni bantu, "ule mama, bantu banamuulizaka gari tu. Hakuna muntu anamuulizaka bwana yake alikuwa muntu gani. Donc, unakaa, unakunywa. Gari haina miguu, haiwezi kukimbia."

Vifaa vyake vilienea mfukoni. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kitambaa, ya kupitisha juu ya rangi: isiponata, ujue chini yake hakuna chuma, ni lipu tu ya kuzibia kutu. Alikuwa na tochi, brashi ya waya, na kioo kidogo cha daktari wa meno cha kusomea namba zilizojificha nyuma ya injini. Kile kioo ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Magari mengi ya aina ile namba ya bodi imegongwa pia kwenye chuma cha injini. Namba zikilingana, gari ni zima, limezaliwa hivyo. Zisipolingana, mtu alichomoa moyo akaweka mwingine, na mteja ananuna.

Nimefanya kazi nyingi na mtu yule, lakini mkitaka niwasimulie moja, nitawasimulia ya Barracuda, gari la Kimarekani, la Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels. Wenye gari walizungumza Kifaransa chenye Kifilemi ndani yake. Hapa nawaandika kwa Kiswahili changu cha Kigoma, wanisamehe.

Ilikuwa baada ya miaka kama kumi ya kazi. Mteja wetu, daktari wa meno wa Namur, alitaka Barracuda na hakutaka kingine. Tukapata habari kwamba Berchem, nyuma ya majumba ya ghorofa, kuna safu ya vibanda vya magari vinavyokaribia kubomolewa, na katika kimoja kuna gari la Kimarekani ambalo hakuna aliyewahi kuliona likitembea. Mpangaji wa kibanda alikuwa Willy, dereva wa tramu mstaafu, mtu mrefu, mwenye masharubu meupe yaliyochanwa vizuri. Alitufungulia mlango wa bati.

Lilikuwa Barracuda kweli, la kijani, na chini ya vumbi rangi bado ilikuwa hai. Nilipitisha sumaku kila mahali, ikanata. Kutu kidogo kwenye matao ya magurudumu, viti havijachanika. Byamungu alinitazama kama mtu aliyeletewa harusi mlangoni. Kisha tukafungua boneti. Ndani mlikuwa mtupu. Hakuna injini, hakuna gia, nyaya zimekatwa kwa usafi na ncha zake zimefungwa utepe.

"Bon," Byamungu akaninong'oneza, "hii haiko gari, ni sanduku."

"Injini iko wapi?" nikamuuliza Willy.

"Kwa kaka yangu Roger."

"Naye yuko wapi?"

Akashusha boneti. "Sijui. Sijui hata kama yu hai."

Tulikaa naye kwenye viti vya plastiki mbele ya kibanda, akatuletea kahawa kwenye chupa, nasi tukanywa. Walilinunua lile gari pamoja, vijana, kutoka kwa Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao. Jumapili moja asubuhi ilikuwa zamu ya Roger kukaa na gari, lakini Willy alilichukua bila kumwambia, akampeleka msichana Ostende kuona bahari. Saa ileile baba yao akashikwa na kifua nyumbani. Roger akakimbia barazani, gari halipo. Akagonga kwa majirani, akapiga simu, na msaada ulipofika mzee alikuwa ameshakata roho. Willy alirudi jioni, ameungua jua, anapiga mluzi. Baada ya mazishi Roger, aliyekuwa mchinjaji, aliliingiza gari uani mwa duka lake, akaing'oa injini kwa mnyororo aliokuwa akinyanyulia ng'ombe mzima. Akamwambia mdogo wake, "Halitampeleka mtu popote tena." Bodi akamwachia. Hawakuzungumza tangu siku hiyo, zaidi ya miaka thelathini.

"Kuuza siwezi," Willy akasema. "Nusu si yangu. Mkimpata Roger akasema uza, nitauza. Ila fanyeni haraka, mwezi ujao wanavunja."

Alitupa jambo moja tu: duka la Roger lilikuwa kwenye barabara iitwayo Chaussée d'Ixelles. Nilikwenda. Palipokuwa pananing'inia nyama sasa palikuwa panauzwa viatu vya michezo. Bibi mmoja mwuza magazeti, jirani wa zamani, alimkumbuka vizuri: mchinjaji mkimya, alifiwa na mke, akafunga duka, akahamia Schaerbeek, upande mwingine wa Brussels. Schaerbeek ni kubwa, mnaijua. Nikarudi karakana nikiwa na jina la wilaya na mikono mitupu.

Byamungu hakushtuka. "Unauliza bantu ya magari. Muzee kama ule, sasa ni muntu wa kumuogesha asubuhi. Alors, uliza bamaman benye kuogesha bazee."

Alisema kweli. Hawa mama zetu wa Kivu, wanaoajiriwa kuhudumia wazee, wanaingia katika nyumba za Brussels ambazo hata watoto wa wenye nyumba hawaingii. Jumapili nilikwenda sokoni Gare du Midi, nikamkuta Maman Furaha wa Uvira anachagua dagaa, ambazo kwao huitwa ndagala. Yeye na mke wangu walikuwa marafiki. Nikamweleza: mzee, Roger, alikuwa mchinjaji, Schaerbeek.

Uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Papa Rama, sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Ni kazi yangu. Bagonjwa bangu, habari yabo haitokake kwa kinywa yangu. Hata kwa weye. Hata kwa bibi yako."

Nilitaka kusisitiza, nikajizuia. Nikamwambia, "Basi usiniambie kitu. Ila kama yupo mtu kama huyo, mwambie Willy yu hai na gari lipo. Hayo tu."

Alifunga mfuko wa dagaa. "Gari gani?"

"La kijani."

Akaniuliza habari za watoto, tukaagana.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Daktari wa meno alipiga simu kila siku, Luc akaanza kujificha nyuma ya magari simu ikilia. Berchem walishazungusha uzio, na Willy alinipigia kuuliza kama tunaweza kulihifadhi gari pale karakana hata kama hatujapata kitu. Tulikwenda na lori tukalibeba. Alisimama ametulia tunalifunga kamba, kisha akapanda lori akakaa katikati yetu bila kuombwa, akaja nalo mpaka Anderlecht.

Maman Furaha alipiga simu siku chache baadaye. "Nilimuambia. Alikasirika, alikataa kula. Kesho yake akakataa tena. Leo asubuhi nikimuvalisha soksi anasema ukuje. Weye peke. Na ulete spana kubwa."

Roger, nilipomfikia nyumbani kwake Schaerbeek, alikuwa mfupi, mnene, miguu imevimba kwa sukari. Hakuniuliza jina. Alinionyesha mlango wa chumba cha chini ya nyumba, akaanza kushuka ngazi kinyumenyume ameshika ukuta, Maman Furaha chini yake akimwekea kila mguu mahali pake na kumgombeza kwa Kiswahili, naye akimjibu "ndiyo, maman," kwa Kiswahili hichohicho. Chini kulikuwa na meza nene ya mbao ya kukatia nyama, na juu yake kitu kikubwa kilichofunikwa aproni nyeupe iliyopigwa pasi.

Aliiondoa aproni. Nimeona injini nyingi zilizokaa miaka. Pistoni hushikana na kuta za silinda, ukizungusha unavunja spana au unavunja mgongo. Hii ilikuwa inang'aa, nayo gia imelala kando yake. Nilimulika tochi, nikaingiza kioo, nikasoma namba mara mbili. Ilikuwa yenyewe, ileile ya bodi.

"Weka spana," Roger akasema.

Niliiweka kwenye boliti ya mbele, nikajiandaa kwa miguu yote miwili. Ikazunguka. Ilizunguka kwa mkono mmoja, laini, na kutoka ndani nikasikia hewa ikivuta na kusukuma, kama mtu aliyelala vizuri.

"Kila baada ya muda naizungusha," akasema. "Naweka mafuta kidogo kwenye matundu ya plagi, naizungusha. Mwaka huu mikono imekataa. Ndiyo maana nimekuita."

Nikaendelea kuizungusha. Maman Furaha alikuwa amekaa kwenye ngazi. Roger akaanza kuzungumza akiwa ameigeukia injini.

"Baba asingepona. Daktari aliniambia wiki ileile. Moyo ulipasuka, hata kama hospitali ingekuwa ng'ambo ya barabara. Gari lisingesaidia kitu. Na sikumwambia Willy. Mwanzoni nilitaka ateseke kidogo. Halafu ikapita Krismasi, ikapita nyingine. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo baada ya miaka mitano? Baada ya ishirini?"

"Unaweza kumwambia sasa," nikasema.

"Siwezi kupanda ngazi za watu."

"Yeye anaweza kushuka zako."

Nilimweleza Willy mambo mawili tu, kwamba kaka yake anamwita na kwamba injini inazunguka. Alikuwa ameegemea Barracuda pale karakana. "Inazunguka?" akauliza. "Kwa mkono mmoja," nikamjibu. Akaanza kupangusa viganja vyake kwenye suruali, ingawa havikuwa na uchafu wowote.

Walikutana jikoni kwa Roger. Nilitaka kubaki nje, Maman Furaha akanivuta ndani. Alisema kama mmoja ataanguka yeye peke yake hatamuweza. Wale wazee hawakushikana mikono. Willy alibaki amesimama na kofia mkononi. Roger, aliyekuwa kitini, akasema yote kwa pumzi moja kama mtoto anayetoa somo alilolikariri: daktari, moyo, hospitali, gari lisingesaidia.

Willy akavuta kiti, akakaa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Daktari aliniambia na mimi. Nilikwenda kumuuliza siku ya pili baada ya mazishi."

"Ulijua. Miaka yote. Sasa kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nje tramu ilipita, vikombe vikalia kabatini. Kisha Maman Furaha akamimina kahawa kwa kelele kuliko ilivyohitajika, akasema kwa Kifaransa kwamba kahawa yake hainywewi baridi. Willy akamsogezea kaka yake sukari. Maman Furaha akaiondoa mezani. "Ana diabète, Monsieur." Na Roger akaanza kucheka, mwili mzima, machozi yanamtoka, na Willy naye, mpaka nikaona ni ruhusa na mimi nicheke.

Gari halikuuzwa. Daktari wa meno alikasirika, akaenda kwenye karakana nyingine, na sikumlaumu. Luc naye alinung'unika siku nzima, kisha akajitolea kutengeneza breki yeye mwenyewe, kazi ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka. Byamungu alirudisha injini na gia mahali pake, akanipa mimi heshima ya kukaza boliti za mwisho. Siku tuliyoiwasha tulimleta Roger kwenye kiti cha magurudumu. Ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, halafu ikakubali. Vifaa vyote vya ukutani vilitetemeka. Byamungu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipaza sauti.

Nimefanya kazi na watu waliokuwa wema kwangu, na sikuwastahili wote. Luc alinipa ufunguo wa karakana kabla sijajua kuuliza kiko wapi choo kwa Kifaransa. Byamungu alinipa kile kioo alipostaafu, nami nimemwachia mmoja wenu, anajijua. Maman Furaha alinifundisha kwamba mtu anaweza kukunyima habari na bado akakusaidia kuliko yeyote. Lakini mkiniuliza ni siku gani ya kazi ninayoishukuru kuliko zote, ni Jumapili moja ya kiangazi, tena haikuwa hata siku ya kazi.

Willy aliendesha. Roger alikaa mbele, mimi na Maman Furaha tulibanwa nyuma magoti yakigusa kidevu, yeye akiwa ameshika dawa za mzee, biskuti zisizo na sukari na kilemba chake, maana vioo vilikuwa wazi. Njia nzima Roger alimwambia mdogo wake anakanyaga klachi vibaya. Tukafika Ostende. Willy aliegesha mbele ya ukuta wa bahari, akazima injini.

"Ni hapa?" Roger akauliza.

"Ni hapa hasa."

Walitazama maji.

"Na yule msichana?"

"Nicole. Nilimuoa."

"Hilo nilisikia. Nauliza hajambo?"

Willy aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. "Alifariki, Roger. Mwaka wa saba huu."

Niliona shingo ya Roger ikigeuka taratibu. "Hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyejua unapokaa."

Maman Furaha alinishika mkono, akaubana. Upepo uliingia dirisha moja ukatokea la pili. Roger akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa wewe."

Roger alitazama kiti, kisha akaweka kiganja juu ya ngozi yake, kando ya paja, akakiacha pale. "Basi nisimulie," akasema. "Simjui hata kidogo shemeji yangu. Nisimulie toka mwanzo."

Mimi na Maman Furaha tulijikamua tukatoka. Tulitembea ufukoni, tukala kamba wa moto kwenye karatasi, tukarudi. Kwa mbali tulimwona Willy akipunga mikono nyuma ya kioo, na Roger amemwinamia.

"Bado," Maman Furaha akasema, akanigeuza kwa kiwiko. Tukaenda kuzunguka tena.